Kilomita 6,000 kwa ziara ya masaa manne: uchambuzi wa kisa cha Khodorkovsky na Lebedev

Mwezi Mei 2005 mahakama moja ya wilaya jijini Moscow iliwatia hatiani Mikhail Khodorkovsky, aliyekuwa tajiri namba moja wa Urusi na mkuu wa kampuni ya mafuta ya Yukos, pamoja na mshirika wake wa biashara, Platon Lebedev. Makosa yalikuwa udanganyifu na kukwepa kodi. Kila mmoja alipewa miaka 9, na mwezi Septemba mahakama ya rufaa ikaipunguza kuwa 8. Hukumu ilitaja miaka, ikataja na aina ya kambi ya gereza, ile ya masharti ya kawaida. Jina la mji halikutajwa. Mji huchaguliwa na Idara ya Magereza, majaji wakiwa wameshafunga jalada.

Oktoba wakasafirishwa. Khodorkovsky alishushwa Krasnokamensk, mji wa machimbo ya urani mkoani Chita, jirani na mipaka ya China na Mongolia. Lebedev alipelekwa upande mwingine kabisa wa ramani, Kharp, ng'ambo ya Duara ya Aktiki, chini ya milima ya Ural. Familia zote mbili zilikuwa Moscow.

Najua kisa hiki kikitajwa watu hukimbilia siasa: Putin, mafuta, nani alimkomesha nani. Hayo tuyaweke kando, na si kwa kuyadharau. Walalamikaji wenyewe waliyapeleka Strasbourg, wakidai kwamba kesi nzima ilikuwa na ajenda ya siri, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, yenye makao mjini humo, haikushawishika. Katika hukumu yake ya tarehe 25 Julai 2013 ilikataa hoja hiyo, lakini ikakubali nyingine iliyoonekana ndogo kuliko zote: kwamba kuwapeleka watu hawa mbali namna ile kulivunja haki yao ya kuheshimiwa maisha ya familia, chini ya Ibara ya 8 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Hoja hiyo ndogo ndiyo ninayotaka kuifungua, kwa sababu inamhusu hata mfungwa asiye na mafuta wala jina.

Tuanze na safari yenyewe. Kutoka Moscow hadi Krasnokamensk ni zaidi ya kilomita 6,000. Unaruka kwa ndege hadi mjini Chita, karibu masaa sita angani. Pale unapanda treni inayokwenda usiku kucha hadi mji wa machimbo, kisha unatafuta gari la kukufikisha kambini. Unafika mwili umechoka na saa yako ya mkononi inasema uongo, maana Krasnokamensk ilikuwa mbele ya Moscow kwa masaa sita. Kwa Lebedev ndiyo treni ya takriban siku mbili kuelekea kaskazini, halafu baridi ya Aktiki.

Sheria ya Urusi ya utekelezaji wa adhabu haikuwa bakhili kwa ziara. Mfungwa wa kambi ya masharti ya kawaida aliruhusiwa ziara fupi 6 na ziara ndefu 4 kwa mwaka. Ziara fupi haizidi masaa manne, mlinzi akiwa karibu anasikiliza. Ziara ndefu ni jambo ambalo nchi nyingi hazina: hadi siku tatu, ndugu na mfungwa wakikaa pamoja katika vyumba maalumu ndani ya eneo la kambi. Kwenye karatasi, basi, familia ilikuwa na ruhusa ya kuonana mara 10 kwa mwaka.

Sasa piga hesabu. Khodorkovsky alikuwa na mke, wazazi wazee, binti, na watoto wawili mapacha waliozaliwa 1999. Mapacha hao walikuwa na miaka sita baba yao alipopelekwa. Ili wamwone kwa masaa manne, mtu mzima angewapandisha ndege, akawalaza kwenye treni, akawafikisha kambini, kisha awarudishe kwa njia ileile. Hiyo ni wiki nzima ya shule, au karibu yake, mara sita. Utaona kwamba ruhusa ya kumtembelea ipo, ila umbali umeshaila.

Simu nayo ina mtego wake. Mazungumzo ya mfungwa yalikuwa na kikomo cha dakika 15. Mtoto wa Moscow akirudi shule saa tisa alasiri, Krasnokamensk imeshafika saa tatu usiku. Akishamaliza kula na kuitwa kwenye simu, kule kwa baba ni saa ya kulala. Nalisema hili kwa sababu serikali nyingi, zikibanwa kuhusu umbali, hujibu kwamba siku hizi kuna simu. Ipo, ila nayo ina saa zake.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na mtoto wa miaka sita ndiye anayeuthibitisha msemo huu upesi kuliko wote. Mtu mzima anaweza kumbeba mwenzake moyoni kwa miaka minane. Mtoto humjua mtu kwa kumwona.

Serikali ya Urusi ilijitetea vipi? Ilisema magereza ya Moscow na mikoa ya jirani yalikuwa yamejaa. Kwa sheria, mfungwa anatakiwa kutumikia adhabu katika mkoa alikoishi au alikohukumiwa; isipowezekana, anapelekwa mkoa mwingine. Haikuwezekana, ndiyo maana wakapelekwa. Kwa maelezo hayo, hakukuwa na kisasi wala ubaya, kulikuwa na uhaba wa nafasi tu.

Utetezi huu si wa kuupuuza. Msongamano gerezani ni mateso ya kweli, na Urusi ilishashindwa mara kadhaa huko huko Strasbourg kwa kuwarundika watu kwenye vyumba vya mahabusu. Idara inayowatawanya wafungwa ili wapate nafasi ya kulala ina sababu halali, na majaji waliikubali. Hawakusema kwamba mfungwa ana haki ya kuchagua gereza. Msimamo wao wa miaka mingi ni kwamba hana, na kwamba kutenganishwa na familia kwa kiasi fulani ni sehemu ya kifungo chenyewe. Walikubali pia kwamba hatua ile ilikuwa na msingi katika sheria ya nchi.

Utetezi ukakwamia kwenye ramani. Kati ya Moscow na Chita kuna mikoa mingi mno, na mingi ina kambi za aina ileile. Moscow ikijaa, jaribu mkoa wa pili. Wa pili ukijaa, jaribu wa tatu. Ili ufike Chita kwa njia hii ya uaminifu, lazima kila kambi iliyoko njiani iwe imekosa vitanda viwili, siku ileile, kwa watu wawili. Majaji walisema ni vigumu kuamini kwamba hakukuwa na nafasi mbili katika kambi zote nyingi zilizo karibu zaidi na Moscow. Ni sawa na mtu aliyekosa kiti mstari wa mbele, badala ya kuelekezwa mstari wa pili akaambiwa akasimame nje ya ukumbi, tena nyuma ya ukuta.

Na tazama kichekesho kingine kinachopita kimyakimya: uhaba uleule wa nafasi uliwatupa watu wawili wa kesi moja kwenye ncha mbili zinazopingana, mmoja mashariki ya mbali, mwingine kaskazini ya mbali. Msongamano hauna dira ya namna hiyo. Mahakama haikuhitaji kuthibitisha nia mbaya. Ilitosha kwamba serikali haikuweza kueleza ni kwa mbinu gani jina hili lilikutanishwa na kambi ile.

Hapo ndipo uzito wa hukumu ulipo. Majaji walisema mgawanyo wa wafungwa hauwezi kuachwa wote mikononi mwa idara ya utawala. Masilahi ya mfungwa ya kubaki na mahusiano fulani ya kifamilia na kijamii lazima yazingatiwe kwa namna fulani. Kwa kuwa hakukuwa na utaratibu ulio wazi na unaotabirika wa kuwapanga watu kwenye kambi, mfumo mzima ulikosa kinga dhidi ya uamuzi wa kiholela. Majaji wakataja pia hali halisi ya usafiri wa Urusi, iliyofanya safari iwe ndefu na ya kuchosha, hasa kwa watoto wadogo, na kwamba matokeo yake walalamikaji walitembelewa mara chache zaidi.

Ukiisoma kwa makini utaona kwamba kilomita peke yake hazikushinda kesi. Kilichoshinda ni swali lisilo na mjibuji: kwa nini pale? Mkoa wa Chita ungeweza kuwa jibu halali kwa mfungwa fulani mwenye sababu fulani. Ila sababu ingetakiwa iandikwe, ipimwe dhidi ya mke na wazazi na watoto, na mfungwa apewe pa kuipinga. Kwa Khodorkovsky hapakuwa na karatasi ya namna hiyo, na alipojaribu kuupinga uamuzi ule nyumbani hakupata kitu.

Jambo moja husahaulika na wanasheria: haki ya Ibara ya 8 si ya mfungwa peke yake. Maisha ya familia yana angalau watu wawili, na mmoja wao hajahukumiwa kwa lolote. Mama mzee anayeshindwa kupanda treni ya usiku ametengwa na mwanawe kwa uamuzi ambao jaji hakuutamka. Mwaka 2014 Mahakama hiyohiyo iliamua shauri dhidi ya Ukraine lililohusu hasa mama wa aina hiyo: kijana wake amefungwa mamia ya kilomita kutoka kwake, anaomba kusogezwa, anakataliwa, huku afya ya mama hairuhusu safari. Ukraine ikashindwa. Hapo umbali ulikuwa mdogo mara nyingi kuliko wa Krasnokamensk, lakini kipimo kilikuwa magoti ya yule mama. Naona hicho ndicho kipimo sahihi, kuliko rula juu ya ramani.

Kwa nini lakini Urusi ina kambi sehemu kama Kharp? Jibu ni la kihistoria. Kharp ni mtoto wa mradi wa reli ya Stalin ya kati ya 1947 na 1953, reli iliyojengwa na wafungwa kupita kwenye barafu na haikukamilika. Kambi nyingi ziliwekwa palipohitajika mikono ya bure: misitu, migodi, reli. Hakuna aliyejiuliza mke wa mfungwa atafikaje. Stalin alikufa, mradi ukasimamishwa, kambi zikabaki, na idara ya magereza ya karne ya 21 ikawa inapanga watu kwa ramani ya karne iliyopita. Wanawake huumia zaidi, kwa kuwa kambi zao ni chache na mikoa mingi haina hata moja. Mama anayefungwa ana uwezekano mkubwa wa kwenda mbali na watoto kuliko baba.

Hukumu ikatoka, basi. Ilimsaidia nani? Khodorkovsky alikuwa ameshaondolewa Krasnokamensk tangu Desemba 2006, alipohamishiwa mahabusu ya Chita kwa uchunguzi wa kesi ya pili. Mapacha wa miaka sita walikuwa na miaka 14 siku majaji waliposema haki ya familia ilivunjwa. Desemba 2013 baba yao akaachiwa kwa msamaha wa Rais na kuondoka nchini. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na Strasbourg ilikuwa mbali sana na Krasnokamensk, kwa kilomita na kwa miaka.

Kwa wengine, hata hivyo, mlango ulifunguka. Machi 2017 Mahakama iliamua mashauri manne kwa pamoja, safari hii ya wafungwa wasiojulikana na ndugu zao, waliotenganishwa kwa kilomita kati ya 2,000 na 8,000. Majaji wakaenda mbele kuliko 2013. Awali walisema sheria ipo ila imetumika vibaya. Sasa wakasema sheria yenyewe haifai, haina sifa ya kuitwa sheria kwa maana ya Mkataba. Mfungwa hawezi kuitabiri, idara hailazimiki kupima chochote. Na mahakama za ndani, mfungwa akienda kulalamika, huishia kukagua kama idara ina mamlaka ya kumpeleka mbali, basi.

Kwenye maombi ya kuhamishwa ndiko kulikuwa na kifungu kikali zaidi. Sheria iliruhusu kuhama kwa ugonjwa, usalama, kufungwa kwa kambi, au sababu nyingine ya kipekee inayomzuia mfungwa kubaki pale alipo. Soma tena maneno ya mwisho: inayomzuia kubaki. Mtoto anayelia Moscow hamzuii baba yake kubaki Siberia. Kwa hiyo familia, ambayo ndiyo sababu ya ombi, kisheria haikuwa sababu. Mtu anaweza kuandika barua ishirini, zote zikajibiwa kwa adabu na kwa usahihi, na asisogee hata hatua moja.

Mimi naona hukumu ya 2017 ni bora kwa mawakili, ila ya 2013 ni bora kwa mfungwa. Ya 2017 inamwambia mbunge: tengeneza sheria nzuri. Mbunge anaweza kutengeneza sheria nzuri ambayo bado inampeleka mtu Kharp kwa hatua zilizoandikwa vizuri. Ya 2013 inamlazimisha ofisa aliyeshika kalamu amtazame mtu huyu na watoto hawa. Wengine watanipinga kwamba bila sheria ofisa hatazami chochote, na sina jibu kamili kwao.

Urusi ilibadilisha sheria kweli. Aprili 2020 ilipitishwa sheria iliyoanza kutumika mwishoni mwa Septemba mwaka huo, ikimruhusu mfungwa kuomba kusogezwa karibu na ndugu, mara moja katika muda wote wa kifungo. Mara moja si nyingi; ndugu nao huhama, huugua, hufa. Lakini kwa mara ya kwanza neno ndugu liliingia kama sababu inayotosha.

Isije ikadhaniwa kwamba Strasbourg hufungua mlango kwa kila anayebisha. Hispania ilianza 1989 kuwatawanya wafungwa wa ETA, kundi lililopigania kwa silaha uhuru wa Nchi ya Basque kaskazini mwa Hispania, kwenye magereza yaliyo mbali na kwao, kwa makusudi na bila kuficha, ili kuvunja mshikamano wa kundi ndani ya gereza. Vyama vya familia zao huhesabu jamaa 16 waliokufa kwa ajali za barabarani wakienda au wakitoka kuwatembelea. Mwaka 2019 mfungwa mmoja alipeleka lalamiko, nalo likatupwa bila kufikia hukumu: sababu ilielezwa, ilihusu mtu huyo, na alikuwa akitembelewa mara kwa mara licha ya umbali. Uhamisho wa kuwarudisha karibu na kwao ulikamilika 2023, kwa uamuzi wa serikali na si kwa amri ya mahakama. Tofauti na Krasnokamensk ni ileile: Madrid iliweza kujibu swali la kwa nini. Kama jibu hilo lilitosha kwa miaka thelathini na zaidi, hata baada ya ETA kuweka silaha chini, hapo mimi na majaji tunaachana njia.

Duniani kote kiwango kipo kwa maandishi. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 2015, zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela, zinasema katika kanuni ya 59 kwamba wafungwa wawekwe, kadiri inavyowezekana, katika magereza yaliyo karibu na makwao au na mahali watakaporejea katika jamii. Jina limekaa mahali pake. Mandela alipofikishwa Robben Island 1964 aliruhusiwa mgeni mmoja na barua moja kwa kila miezi sita, na mkewe alitoka Johannesburg hadi Cape Town, takriban kilomita 1,400, kwa nusu saa ya kuonana kupitia kioo. Mama yake alikufa 1968. Ombi la kwenda kumzika likakataliwa. Udhaifu wa kanuni ya 59 umejificha kwenye maneno "kadiri inavyowezekana", kwa kuwa anayepima kinachowezekana ni yuleyule mwenye funguo.

Urusi ilifukuzwa katika Baraza la Ulaya, umoja wa nchi wenye Mkataba na Mahakama hiyo, Machi 2022 baada ya kuivamia Ukraine, na tarehe 16 Septemba mwaka huo ikaacha kufungwa na Mkataba. Mfungwa wa leo aliyepelekwa mbali hana tena Strasbourg ya kulalamikia yanayofanyika baada ya tarehe hiyo.

Kambi ya Kharp, IK-3, ileile aliyopelekwa Lebedev na ileile iliyojadiliwa na majaji mwaka 2013, iliendelea kupokea watu. Desemba 2023 Alexei Navalny, mpinzani maarufu wa Putin, alitoweka katika gereza lake la mkoa wa Vladimir, mashariki ya Moscow. Mawakili walimtafuta karibu wiki tatu, hadi alipopatikana Kharp. Tarehe 16 Februari 2024 akafa humo. Kesho yake mama yake alikuwa amefika langoni mwa kambi. Akakabidhiwa karatasi yenye saa ya kifo, ila mwili hakupewa. Ilipita wiki moja ndipo akaupata.